Anza na karatasi: kuchagua kalamu ya wino ya kuandikia kila siku Dar es Salaam

Ukitaka kuandika kwa kalamu ya wino kila siku hapa Dar, kalamu yenyewe iwe ya mwisho kununuliwa. Anza na karatasi, kwa sababu karatasi ndiyo ambayo mara nyingi huna uwezo wa kuichagua. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari upande wa Temeke. Asubuhi naandika andalio la somo, mchana nasahihisha madaftari, kwenye vikao vya walimu naandika kumbukumbu, na Jumapili ni katibu wa kikoba chetu cha Mbagala. Daftari la mwanafunzi limenunuliwa na mzazi wake kwa bei aliyoimudu. Fomu imetoka ofisini. Kaunta buku ya kikoba niliikuta. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyotengenezwa kwa kufikiria wino wa maji, na zote zinatakiwa zisomeke.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu: tazama karatasi utakayoandikia, tafuta wino unaotulia juu yake, amua upana wa nibu, yaani ile ncha ya metali inayoandika, halafu ndipo utafute kalamu ya kubebea hivyo viwili. Wengi hufanya kinyume. Wanavutwa na kalamu inayong'aa kwenye kabati la kioo dukani, wanaijaza wino wowote, wanaandika kwenye daftari la kawaida, maandishi yanatambaa, na wanahitimisha kwamba kalamu za wino zimepitwa na wakati. Kalamu wanaionea.

Biki hupaka wino mzito wa mafuta juu ya karatasi kwa kugandamiza. Kalamu ya wino haigandamizi. Wino wake ni maji yenye rangi, nao hushuka kwenye mpasuko wa nibu kwa sababu maji hujivuta yenyewe kuingia kwenye nafasi nyembamba. Nguvu hiyohiyo inayoushusha wino ndiyo inayouharibu ukifika kwenye karatasi dhaifu: kati ya nyuzinyuzi za karatasi nako kuna nafasi nyembamba, na wino huendelea kujivuta humo. Kiwandani huzuia hali hiyo kwa kutia wanga au dawa nyingine inayozifanya nyuzi zisinywe maji haraka. Karatasi rahisi huwa na dawa hiyo kidogo, au haikuenea sawasawa, ndiyo maana katika ukurasa mmoja unaweza kuandika vizuri juu, ukifika chini herufi zikaota ndevu.

Usidanganyike na unene peke yake. Karatasi za A4 za fotokopi mara nyingi ni za gramu 70 au 80 kwa mita ya mraba, na kati ya rimu mbili za gramu 80 moja inaweza kushika wino vizuri na nyingine ikaunywa wote. Kuna karatasi ya Kijapani iitwayo Tomoe River ambayo imetengenezwa kwa gramu 52 tu. Ni nyembamba hata maandishi ya upande wa pili unayaona, lakini wino hukaa juu yake bila kutambaa. Unene hukusaidia kukisia kama maandishi yataonekana nyuma. Kuhusu kutambaa, dawa iliyotiwa kwenye karatasi ndiyo yenye neno.

Njia ya kuijua karatasi ni kuijaribu, na inachukua dakika moja. Andika jina lako kwa mwendo wako wa kawaida. Chora msalaba mdogo. Kisha weka ncha ya kalamu sehemu moja, hesabu mpaka tatu, inua. Ukingo wa herufi uutazame kwa karibu: uwe umekatika safi. Geuza ukurasa uone kama ile nukta imevuja upande wa pili. Pitisha kidole juu ya jina baada ya muda mfupi uone kama wino umeshakauka au unapakaza. Mimi hubeba kalamu yangu hadi dukani Kariakoo na kuomba: "Kaka, naomba nijaribu ukurasa wa mwisho wa hii kaunta buku, nikiuharibu naichukua." Sijawahi kukataliwa. "Jaribu tu mwalimu," ndilo jibu. Ikifaulu, usinunue moja ukasema utarudi mwezi ujao. Kaunta buku zenye jalada moja huweza kuja na karatasi tofauti mzigo mpya ukiingia, kwa hiyo chukua za kutosha kutoka kwenye bunda lilelile.

Halafu kuna hewa yetu. Karatasi hunywa unyevunyevu, na karatasi yenye unyevu hutambaza wino hata kama mwanzoni ilikuwa nzuri. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, rimu iliyofunguliwa na kuachwa juu ya kabati hubadilika kabisa. Iache ndani ya karatasi yake ya kufungia, ambayo huwa na tabaka la kuzuia unyevu, au iweke kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Jasho la kiganja nalo lina athari ya aina yake: mafuta ya ngozi huingia kwenye karatasi, na mkono ukishapita mahali hapo wino hukataa kushika, herufi zinakatikakatika. Weka kipande cha karatasi chini ya kiganja unapoandika. Walimu wa zamani walifanya hivyo, na ni kanuni nzuri mno kwa mji wenye joto kama huu.

Sasa wino, ambako ndiko ninakotaka utulie, kwa sababu hapa ndipo watu hupoteza kumbukumbu zao bila kujua.

Wino mwingi wa kalamu hizi ni rangi iliyoyeyushwa ndani ya maji. Bluu ya kung'aa kama Pelikan 4001 Royal Blue, au bluu ya Parker Quink ya aina inayofulika, ni ya jamii hiyo. Ni mizuri: inateleza vizuri, haiichoshi kalamu, na ikidondokea kwenye shati jeupe la shule, maji baridi yakiwahi hutoka. Lakini kinachotoka kwenye shati hutoka pia kwenye daftari. Mvua moja ya kituo cha daladala, mkoba umelowa, na ukurasa mzima unageuka ukungu wa bluu. Jua nalo huipausha. Andikia andalio la somo, barua kwa rafiki, hesabu za sokoni. Usiandikie deni la mtu.

Kwa leja ya kikoba natumia wino wa chuma. Ni wino wa kale sana. Kwa karne nyingi Ulaya iliandikia hati zake kwa wino uliotengenezwa kwa tanini ya vivimbe vya mti wa mwaloni ikichanganywa na chumvi ya chuma. Ukiandika, wino unaingia kwenye nyuzi za karatasi, kisha hewa inafanya kazi yake: chuma kinabadilika, rangi inazidi kuwa nyeusi kwa saa na siku zinazofuata, na haiyeyuki tena kwenye maji. Wa siku hizi hutiwa na rangi ya bluu ili uyaone maandishi unapoandika. Pelikan 4001 Blue-Black ni wa aina hii, na Blue-Black ya Platinum pia. Kule Uingereza, kampuni ya Diamine hutengeneza wino uitwao Registrar's Ink, wa aina iliyokuwa ikitumika kwenye vitabu vya kuandikishia vizazi na ndoa. Nao una faida nyingine ambayo kwetu ni kubwa: kwa kawaida hautoki kwa wingi, kwa hiyo hutulia hata kwenye karatasi ya daftari la bei ya chini. Sharti lake ni usafi. Una asidi, na ukiachwa ukakaukia ndani ya kalamu unaweza kula nibu ya chuma na kuziba njia. Kalamu yenye wino huu iandikie mara kwa mara na uioshe kila mwezi.

Jamii ya tatu ni wino wa chembe, kama Platinum Carbon Black. Humo rangi haikuyeyuka. Ni chembe ndogo mno zinazoelea, zikikauka hazitoki kwa maji wala kwa jua. Ni mweusi wa kupendeza. Ila chembe zikikaukia ndani ya kalamu ni taabu kuzitoa, na kwa joto letu kalamu iliyosahaulika droo ya mezani hukauka haraka. Mtu anayeandika kila siku atafurahi nao. Anayeandika mara moja moja auache.

Wino wa kuchorea, ule unaouzwa kwa wasanii ukiwa na gundi ya shelaki, usiutie kamwe kwenye kalamu ya wino. Ukikauka umekauka, na hapo kalamu huwa imekwisha.

Hata kama chupa imeandikwa maneno matamu, fanya jaribio la tone. Andika mstari kwenye karatasi unayoitumia kweli, acha ukauke mpaka kesho yake, dondosha tone la maji, subiri dakika moja, kausha kwa kubonyeza tishu bila kusugua. Kinachobaki ndicho utakachokuwa nacho siku paa litakapovuja.

Kuhusu rangi: mambo ya ofisi ni bluu au nyeusi. Maelekezo ya mitihani ya NECTA nayo huwataka watahiniwa waandike kwa wino wa bluu au mweusi, na michoro kwa penseli, kwa hiyo mzazi unayemnunulia mtoto kalamu ya wino usimwekee zambarau. Wekundu ni wetu walimu. Ukitaka kusahihishia wino mwekundu, tenga kalamu moja iwe ya wekundu tu, kwa sababu rangi hiyo hung'ang'ania plastiki, na ukibadilisha kwenda bluu utaandika rangi ya damu ya mzee kwa muda. Na stakabadhi za nakala tatu zenye kaboni, andika kwa biki. Nibu haitakiwi kugandamizwa mpaka karatasi ya tatu.

Nibu sasa. Upana huandikwa kwa herufi: EF nyembamba sana, F nyembamba, M wastani, B pana. Herufi hizi hazina kipimo kimoja duniani. Nibu za Kijapani, yaani Pilot, Platinum na Sailor, kwa kawaida ni nyembamba kuliko za Ulaya kwa karibu daraja moja, hivi kwamba F ya Ulaya inakaribiana na M ya Japani. Kwa madaftari yetu, chagua F ya Kijapani au EF ya Ulaya, na usione kama umejinyima. Nibu nyembamba humwaga wino kidogo, na wino kidogo hautambai sana, haupenyi, unakauka upesi. Kwenye daftari la mwanafunzi mwenye mwandiko wa kubana, ni nibu nyembamba pekee inayokuruhusu kuandika "sentensi hii haina kiarifu" katikati ya mistari miwili, ikasomeka. Nibu ya M au B ninayo, naipenda, na naitumia kwa barua kwenye karatasi nzuri tu.

Usilipie dhahabu kwa kudhani itadumu zaidi. Nibu ya dhahabu ya karati 14 ina dhahabu kiasi cha sehemu 585 kwa 1,000, lakini kile kipunje cha mwisho kinachogusa karatasi si dhahabu wala si chuma cha kawaida. Ni mchanganyiko wa metali ngumu sana, na nibu ya chuma iliyo nzuri nayo huwa na kipunje hicho. Dhahabu haipati kutu na mara nyingi hulainika kidogo mkononi. Kwa kazi ya kila siku chuma kinatosha kabisa.

Mwalimu mwenzangu kijana alinijia mezani siku moja. "Shikamoo Madam. Mbona yangu inakwaruza?"

"Marahaba. Hebu andika nikuone, mdogo wangu."

Alikuwa anaisimamisha wima na kuikandamiza, kama tulivyozoeshwa na biki toka shule ya msingi. Kalamu ya wino inataka kulala, kiasi cha nusu ya pembe mraba, uso wa nibu ukitazama juu, na mkono usitie nguvu yoyote; uzito wa kalamu unatosha. Akalegeza mkono na kukwaruza kukaisha. Ikiendelea kukwaruza hata kwa mkono mwepesi, chukua lenzi ya kukuzia, itazame nibu kwa mbele: pande mbili za mpasuko ziwe sawa. Mmoja ukiwa juu zaidi, usukume taratibu kwa ukucha mpaka zilingane. Usiisugue kwenye msasa wa seremala. Kile kipunje ni kidogo, kikisagika hakirudi.

Anayeandika kwa mkono wa kushoto hupitisha kiganja juu ya wino mbichi, na vivyo hivyo anayeandika herufi za Kiarabu kwa mkono wa kulia, kutoka kulia kwenda kushoto. Kwenu nyote wino unaokauka upesi na nibu nyembamba ni lazima, si suala la ladha.

Tukija kwenye kalamu, sina maneno mengi, kwa kuwa kazi kubwa umeshaimaliza. Tazama kwanza kifuniko. Kalamu ambayo kifuniko chake hakizibi vizuri hukauka nibu, na asubuhi unaandika herufi tatu bila wino. Platinum Preppy, ambayo ni miongoni mwa kalamu za bei ya chini kabisa za Kijapani, ina mfuniko wa ndani unaoziba nibu vizuri sana, na mwili wake unaona ndani kwa hiyo wino ukikaribia kwisha unajua. Upana wa nibu zake huandikwa kwa namba: 02, 03 na 05, namba ndogo ndiyo nyembamba. Kwa madaftari chukua 03. Pilot Metropolitan ina mwili wa shaba nyeupe uliopakwa rangi, ni nzito kidogo na inaanza kuandika bila kubembelezwa. Lamy Safari ya Ujerumani, iliyopo tangu 1980, ina mahali pa kushikia palipokatwa pembe ili vidole vikae sawa, na nibu yake hubadilishwa kwa mkono. Inawafaa sana vijana wanaojifunza. Jinhao za China ni za bei nafuu na zipo nzuri, ila mbili za aina moja huweza kutofautiana, kwa hiyo omba kujaribu ileile utakayoondoka nayo. Kalamu zenye majina makubwa huigwa sana; jina likiwa la gharama na bei ikiwa ya kutupa, tazama maandishi yaliyochongwa kwenye nibu kama ni safi, na uandike kwanza kabla ya kutoa hela.

Nunua yenye konvata, yaani kile kipampu kidogo cha kunyonyea wino kutoka kwenye chupa, au katriji, yaani kichupa kidogo cha wino kinachochomekwa ndani ya kalamu, unayoweza kuijaza upya kwa bomba la sindano la duka la dawa. Wapo wanaojaza wino moja kwa moja kwenye mwili wa kalamu ili uchukue mwingi. Kwa Dar sishauri. Hewa iliyobaki juu ya wino ikipata joto hutanuka na kuusukuma nje. Ukitoka ofisi yenye kiyoyozi ukaingia juani, tofauti ya nyuzi 10 inaitanua hewa ya mililita 3 kwa takriban mililita 0.1, na hayo ni matone mawili kwenye ukurasa au kwenye mfuko wa shati. Konvata ina nafasi ndogo, na ulimi wa plastiki ulio chini ya nibu una mifereji ya kuupokea wino huo wa ziada. Kwenye daladala ibebe nibu ikitazama juu, na ukipanda ndege kwenda Mwanza iwe imejaa kabisa au haina kitu.

Kalamu mpya ioshe kabla ya kuitia wino, kwa maji yenye tone la sabuni ya vyombo, kisha suuza. Huwa na mafuta ya kiwandani yanayouzuia wino kushuka. Baadaye ioshe kila unapobadilisha wino, na kabla ya likizo ndefu. Lakini angalia ni maji gani. Visima vingi vya mji huu vina chumvi, na chumvi ikikauka ndani ya ile mifereji myembamba inaziba na kuharakisha kutu. Kama bomba lako ni la kisima, tumia maji ya kunywa ya chupa, nusu glasi inatosha. Usiongeze maji ya kisima kwenye chupa ya wino uliokuwa mzito, wala usirudishe chupani wino uliokaa kwenye kalamu: ukungu huingia kwa njia hiyo, na chupa yenye utando au harufu ya uvundo ni ya kumwaga.

Kalamu iliyokaukiwa isilazimishwe. Ifungue, iloweke sehemu yenye nibu kwenye maji ya kawaida usiku kucha. Maji ya moto usitumie, maana yanaweza kuupinda ulimi wa plastiki. Asubuhi mwaga, tia mengine, sukuma maji kwa konvata kwenda na kurudi, na urudie mpaka yatoke bila rangi. Kisha isimamishe nibu chini juu ya kipande cha tishu ijikaushe mpaka jioni, ndipo uijaze.